Paneli Mbili na Daftari la Bwana Mvua

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na usishangae kwamba anayeomba ni mshindi, kwa maana nimesoma ukurasa wako miaka mingi na nimeona wanaokuandikia ni watu walioachwa, walionyang'anywa au waliosemwa vibaya, nami nakuandikia nikiwa nimeshinda ubishi nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza tangu nioe, miaka arobaini na minne iliyopita, na ushindi huo umeniondolea hamu ya chakula.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na miwili. Kwetu, kabla ya vita, nilikuwa mtunza kumbukumbu wa kituo cha hali ya hewa, kazi ambayo wengi hawajui hata kwamba ipo: kila siku saa tatu kamili asubuhi nilikwenda kwenye kipimo cha mvua, nikasoma, nikaandika kwa wino, nikatia sahihi fupi pembeni, na kwa miaka kumi na tisa sikuruka siku hata moja wala sikuandika tarakimu ambayo jicho langu halikuiona. Siku tuliyokimbia nilisoma kwanza, milimita saba, nikaandika, ndipo nikafunga mlango, na usomaji ule haujapelekwa popote hadi leo. Huku tulikofika, mwaka wa thelathini na moja sasa, hapakuwa na kituo kilichonihitaji, nikafanya ukarani wa ghala mpaka nikastaafu, lakini uani nimeweka kopo, rula na daftari, na majirani wananiita Bwana Mvua, mwanzoni kwa utani, siku hizi kwa dhati, kwa sababu hakuna anayefua mablanketi bila kupita kwanza kuniuliza.

Nyumbani kwetu kuna sheria moja, tuliyoitunga mimi na mke wangu mwezi ule ule tuliofika: hakiingii kitu ambacho watu wawili hawawezi kukibeba kutoka mlangoni hadi barabarani bila kukitua. Ndiyo maana kitanda chetu kinafunguka vipande vinne, meza inakunjwa, nguo zinakaa kwenye mabegi, na vitabu vyangu, ambavyo ndivyo utajiri wangu, vimo katika maboksi kumi na moja ambayo kila moja nimelipima kifuani kwangu. Nyumba yenyewe tumeipanga miaka ishirini na sita, na mwenye nyumba ametuomba mara mbili tuinunue, nami mara zote mbili nimemjibu kwamba sisi ni wapitaji.

Sasa mke wangu anatotolesha vifaranga. Mashine yake inachukua mayai sitini (nayo ilipita mtihani wa barabarani), na inataka joto lisilokatika kwa siku ishirini na moja, ilhali umeme wa mtaa wetu huondoka na kurudi kama mgeni asiyebisha hodi. Mwaka jana uliondoka siku ya kumi na saba ukarudi kesho yake alasiri. Alifungua mayai yale moja moja juu ya meza, akaniita nione, na vifaranga ndani yake vilikuwa vimeshaota manyoya. Hakulia. Alifuta meza, akasema kwamba safari hii ataweka umeme wa jua, na kazi ya kuchagua akanipa mimi, kwa kuwa katika nyumba ile, alisema, mtu wa jua na mvua ni mmoja tu.

Nikaenda sokoni nikapata paneli ya kukunja, nyembamba kama jamvi, ina mpini kama begi, imeandikwa wati mia mbili, na bei yake theluthi ya bei ya zile za kioo. Niliirudisha nyumbani kwapani, mshauri, kwapani kama gazeti, nikiwa na furaha ya mtu aliyewapiga chenga wenye maduka. Mkwe wangu, aliyemwoa binti yetu wa pekee, ni fundi umeme, kijana mwenye adabu ambaye hajawahi kunibishia, lakini siku hiyo aliigeuza, akaigonga kwa ukucha, akasema kwa upole, "Baba, hii ni ya safari. Nyumba inataka ya nyumba."

Neno lile liliniingia mahali pabaya. Na kabla halijatoka, kesho yake alikuja na mwenzake wakiwa wameazima dukani paneli ya kioo yenye fremu ya alumini, nayo imeandikwa wati mia mbili, wakapanda nayo ngazi moja kwa moja, wakaifunga kwa bolti nne kabla chai yangu haijapoa, kisha akanipa karatasi ya dhamana iliyosema miaka ishirini na mitano. Nikasema mlango wa benki umepanda juu ya paa langu, na wote wakacheka. Mimi sikucheka. Miaka ishirini na mitano, mshauri. Nitakuwa na miaka tisini na saba. Nilijiona kama mtu anayepimiwa kaburi angali amekaa kwenye kiti chake, na tena kaburi la huku.

Tukabishana siku tatu. Nilisema ya kioo ni nzito, ni ghali, ni ya watu waliokwisha kukaa. Mkwe alisema ile ya kukunja itachoka kabla ya mwaka kwisha. Mke wangu akatukatiza wote wawili. Alisema paneli zote mbili zikae juu ya paa, ubavu kwa ubavu, zikitazama upande mmoja na kwa mwinamo mmoja, kila moja na betri yake na kisanduku chake kinachoonyesha wati, nami nisome mara tatu kwa siku kama nilivyosoma mvua, kwa siku thelathini. "Daftari likishasema," alisema, "mimi sitii neno." Tarehe mosi ya mwezi unaofuata angeweka mayai kwenye mashine, na mashine ingeunganishwa na paneli itakayoshinda.

Nikaanza kazi, na nikuambie ukweli, nilikuwa kijana tena. Nilizifuta zote mbili vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kimoja. Siku ya kwanza saa sita mchana ya kioo ilitoa wati mia na sitini na moja, ya kukunja mia na arobaini na tisa, nikamwita mkwe aje aone, na kwa siku kumi na sita niliimba kwenye ngazi. Siku ya kumi na saba, baada ya wiki ya joto kali la bati na mvua moja kubwa, ya kukunja ilitoa mia na kumi na nane. Nikafuta, nikasubiri wingu lipite, nikasoma tena: mia na kumi na nane. Kwenye pembe yake palikuwa na doa la hudhurungi kama chai iliyomwagika. Chini, mke wangu alikuwa anapanga trei za mayai, akauliza, "Imesemaje leo?" na mimi, mtu wa miaka kumi na tisa ya wino, nikajibu, "Mia na arobaini na sita," nikashuka nikaandika hivyo hivyo.

Baada ya hapo nilidanganya siku kumi na nne mfululizo. Doa lilikua, tarakimu ilishuka hadi tisini na saba, na daftari langu likaendelea kusema mia na arobaini na tano, mia na arobaini na saba, siku moja nikaipa hata mia na hamsini kwa ukarimu. Zile za kweli nilikuwa naziandika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma, sijui kwa nini, mkono tu ulikataa kuziacha zipotee.

Siku ya thelathini walikusanyika uani, binti, mkwe, na familia nne za majirani, na nilisoma daftari kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza. Nilipomaliza mkwe alivua kofia akasema, "Baba, nimekubali," na watu wakapiga makofi, na mke wangu aliniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu ujana wetu. Familia zote nne zimesema zitanunua ya kukunja, kwa kuwa Bwana Mvua amepima.

Tarehe mosi imebaki wiki mbili. Mayai sitini yameagizwa. Nikisema ukweli, daftari limekufa, na pamoja nalo jina pekee nililobaki nalo kutoka kwetu. Nisiposema, najua kitakachotokea siku ya kumi na saba. Nimefikiria kununua ya kukunja ya pili na kuifunga kwa siri upande wa nyuma wa paa, ili mashine isipungukiwe na mtu asijue. Je, hilo linafaa? Nishauri, maana mimi wa kusoma vipimo nimeshindwa kujisoma.

Mshindi asiyekula

*

(Kwa kuwa tarehe mosi haingesubiri gazeti, jibu hili alitumiwa kwanza kwa bahasha. Tunalichapa kwa ruhusa yake.)

Mzee wangu Bwana Mvua,

Pole, na sitakupongeza. Ulichoshinda ni makofi ya watu uliowasomea hesabu ya uongo, na tumbo lako limelijua hilo kabla yangu, ndiyo maana linakataa chakula.

Nianze na hiyo paneli ya siri. Hapana. Unataka kutibu paneli inayooza kwa kuongeza nyingine itakayooza vile vile, na kuificha juu ya paa, mahali pekee ambapo mtaa mzima unapaona. Mzee mwenye maboksi kumi na moja ya vitabu hafikirii hivyo isipokuwa ameogopa sana. Iache.

Sasa nikuulize. Kwa nini uliandika zile tarakimu za kweli kwenye jalada? Unasema mkono ulikataa. Basi shukuru mkono wako, kwa kuwa daftari unaloliita maiti lina usomaji wa siku zote thelathini, haukukosekana hata mmoja. Kule kituoni mlifanyaje mtu alipokosea? Mimi nimeuliza mtu wa kazi hiyo. Hamkufuta, hamkuchana ukurasa. Mlipiga mstari mmoja juu ya tarakimu mbaya ili iendelee kusomeka, mkaandika iliyo sahihi juu yake, mkatia sahihi. Unayo kanuni ya kurekebisha kosa tangu ujana wako, na umekuja kuitafuta kwangu.

Tena kuna jambo limeniudhi zaidi ya uongo wako. Umenieleza uzito wa maboksi, wa meza, wa mashine. Ile ya kukunja umeibeba kwapani. Ya kioo umeiita mlango wa benki, ukaitukana barua nzima, na hakuna mstari mmoja unaosema uliinyanyua. Ilipita mbele yako ikapanda ngazi, ukasikia miaka ishirini na mitano, ukakunja mikono. Nimempigia simu fundi mmoja nikamuuliza paneli ya kioo ya wati mia mbili ina kilo ngapi. Amesema kumi na moja, kumi na mbili. Mzee wangu, boksi lako moja la vitabu linaizidi. Sheria ni yako na hukuifuata.

Najua kinachokuuma. Mtu aliyefunga mlango mara moja na kuondoka hapendi kufunga bolti. Lakini bolti hufunguliwa kwa spana ile ile iliyozifunga. Siku ya kurudi ikifika, paneli itashuka kwa ngazi iliyopandia na itaenda nanyi, na huko kwenu jua liko. Kwa sasa jua linalokupiga ni la hapa, na mkeo ana mayai.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwanzo ni mkeo, mkiwa wawili tu, kabla ya binti na kabla ya mkwe. Ni yeye aliyefungua mayai yale juu ya meza, asiyasikie haya mdomoni mwa mtu mwingine. Usijitetee kwa umri wala kwa vita. Mpe daftari lililofunguliwa kwenye jalada la nyuma. Kisha chukua wino usahihishe siku zote kumi na nne mbele yake. Halafu nenda kwenye milango minne kwa miguu yako, leo hii, kabla hawajanunua. Mkwe umwambie mwisho, na umwambie jambo moja tu, kwamba alisema kweli.

Na wale wanaosoma hapa wakidhani nimesema kitu ghali ndicho kizuri, sikusema. Paneli nyepesi ya bei ndogo inatosha taa mbili na simu, na kwa mtu wa safari ni rafiki mzuri. Zipo za kioo za bei ya wastani zinazofanya kazi kuliko zenye jina kubwa. Unaponunua usisome kibandiko peke yake. Omba ipimwe juani saa sita mbele ya macho yako, inyanyue, tazama pembe zake, na uulize dhamana itaheshimiwa na nani, kwenye duka lipi, lenye mlango upi. Kama jibu ni meza ya sokoni ambayo wiki ijayo haipo, hiyo dhamana ni karatasi ya kufungia karanga.

Kula kwanza. Kisha inuka.

Mshauri wako

*

(Barua hii ya pili ilitufikia wiki saba baadaye.)

Mshauri wangu mpendwa,

Nimekula. Naanza na hilo.

Nilimwambia mke wangu siku ile ile bahasha ilipofika, jikoni, na nikampa daftari kama ulivyosema. Alihesabu siku kwa kidole, polepole, bila kuniangalia. Akasema, "Kumi na nne. Mayai yangu yana ishirini na moja." Akatoka nje. Kwa siku mbili alinipa chakula akarudi kwenye trei zake, nami nilikaa mezani nikipiga mistari na kutia sahihi, mstari mmoja kwa kila uongo, na sijawahi kufanya kazi ndefu namna ile katika maisha yangu ya ukarani.

Niliizunguka milango minne. Familia tatu zilighairi. Ya nne ilinunua ya kukunja hata hivyo, kwa kuwa haitaki zaidi ya taa mbili na redio, na nimeona kwamba kwao ni sawa, na nimewaandikia tarakimu za kweli kwenye karatasi waziweke. Baba wa nyumba ya pili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kesho itanyesha. Nilidhani swali hilo sitaulizwa tena.

Siku ya tatu mke wangu alimwita mkwe aje na spana. Mkwe nilimwambia lile jambo moja, naye akavua kofia kwa mara ya pili, akashindwa pa kuiweka. Aliishusha paneli ya kioo, tukaiweka kwenye mizani ya kupimia chakula cha kuku. Kilo kumi na moja na nusu. Mke wangu akaikamata upande mmoja akaniambia, "Shika upande ule."

Tukatoka nayo. Mlangoni, uani, kando ya bomba, kupitia uchochoro wa fundi viatu, yeye mbele akienda kinyumenyume na mimi nyuma nikiona uso wake na anga kwenye kioo katikati yetu, na majirani wakasimama milangoni. Fundi viatu akauliza kama Bwana Mvua anahama. Mke wangu akamjibu, "Anapima." Tukafika barabarani. Hatukuitua hata mara moja, mshauri. Tulisimama pale tumeishika, wazee wawili, magari yanapita, na nilikuwa na nguvu ya kuendelea hadi mjini.

"Umechoka?" akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Basi tuirudishe, jua linapotea bure."

Tukairudisha, na bolti ya nne niliifunga mimi mwenyewe, kisha nikaenda dukani kuilipia. Kwenye karatasi ya dhamana kulikuwa na mstari wa jina la mmiliki. Nimeandika jina la mke wangu, na langu chini yake, kwa mwandiko wa kituoni. Nitakuwa na miaka tisini na saba. Ameniuliza nani atapanda ngazi kufuta vumbi, nikamwambia yeye atashika ngazi. Ile ya kukunja ipo uani, inachaji simu, na bado naweza kuibeba kwapani.

Mayai yaliwekwa tarehe mosi. Siku ya kumi na sita umeme wa mtaa uliondoka, na tangu siku ya kumi na saba hadi ya kumi na tisa kulikuwa na wingu zito lisilo na upenyo. Paneli ilinyonya kilichokuwepo, betri ikabeba kilichobaki, na taa ndogo nyekundu ya mashine haikuzimika. Mke wangu aliweka kiti mbele yake akakaa, kama mtu anayengoja mgeni stesheni. Siku ya ishirini na moja, asubuhi, yai la kwanza lilipasuka, kisha yakafuatana kama mvua kwenye bati, na ilipofika alasiri nyumba nzima ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba, binti yetu anacheka, mkwe amepiga magoti sakafuni anahesabu, na mke wangu ananiuliza, hali ameshika viwili katika kila kiganja, kama sheria yetu inaruhusu kabati la nguo. Nimemwambia tutalinyanyua kwanza tuone.

Nakunakilia ukurasa wa daftari wa siku hiyo, kama ulivyo:

Saa tatu asubuhi. Mvua, milimita kumi na tisa. Saa sita mchana, anga imefunguka, ya kioo wati mia na hamsini na tisa. Alasiri, vifaranga hamsini na kimoja, vyote vimesimama.

Nimeandika kwa wino, na nimetia sahihi pembeni.

Bwana Mvua